Kakakuona Hana Meno

1

Kakakuona alipomfuata Mjomba Chilewa kutoka shambani hadi uani kwake, watu wa Nghambala walifanya mambo mawili. Kwanza walipiga vigelegele. Kisha wakaniita mimi.

Kuniita ilikuwa sheria ya kata: mnyama wa porini haguswi mpaka mtaalamu amtazame. Sheria hiyo niliiandika mwenyewe. Siku ile nilikuwa nyumbani kwa mama, nimekaa kizingitini namung'unya ubuyu, nimevaa koti langu la kituo cha utafiti wa kichaa cha mbwa, la buluu, lenye mwenge uliodariziwa kifuani. Koti lile nilikuwa silivui. Nililivaa sokoni, nililivaa misibani, na mara moja nililivaa hata kanisani kwenye jua kali la Oktoba, ili mradi watu waone binti wa Perisi, mama yangu, amekuwa nani. Basi nikajifuta mdomo, nikaenda polepole kama mtu anayesubiriwa, maana nilijua nasubiriwa.

Uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Mjomba wangu ni kaka yake mama, na ndiye mwenye kazi ya kumpokea kakakuona pale kijijini, kama baba yake kabla yake. Mnyama mwenyewe alikuwa katikati ya duara, amejikunja nusu, magamba yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu aonekane. Kila mtu pale alikuwa na satelaiti mkononi, na satelaiti ilishasema mvua itaanza lini na itanyesha kiasi gani. Hakuna aliyebishana nayo. Ila satelaiti haijawahi kumfuata mtu kwake kwa miguu, na watu walitaka kuyasikia kwa huyu aliyekuja mwenyewe.

Kwetu mambo huenda hivi. Kakakuona huwekewa bakuli la maji, ungo wa uwele na mkuki. Akiendea mkuki, ni mwaka wa vita, na watu hununa. Akiyalamba maji, mwaka ni wa mvua, na yale maji aliyoyalamba hupakwa watu usoni, machoni na midomoni, kuanzia watoto wachanga. Mjomba aliinua mkono watu wakanyamaza, akaniuliza mbele ya wote kama tumshike au tusimshike.

"Mjomba," nikasema, "kakakuona hana meno. Kichaa kinapita kwenye jino. Mshikeni tu."

Watu wakacheka kwa raha. Mama ndiye aliyecheka kuliko wote, akageuka kuwatangazia waliokuwa nyuma ambao hawakusikia: hana meno, amesema Seche, hana meno! Mfukoni nilikuwa na kijiti cha kupimia mate. Kumpima kungechukua muda mfupi kuliko ule niliotumia kutabasamu. Sikukitoa. Hata kuinama kumtazama macho sikuinama, kwa jinsi nilivyokuwa najiona.

Akayalamba maji. Ule ulimi wake mrefu ukaingia ukatoka, ukaingia ukatoka, na wimbo ukapanda mpaka ng'ombe wakashtuka zizini. Mjomba akachovya vidole, akapaka watoto, akapaka kina mama, akapaka wazee, akanipaka na mimi. Mimi nilikuwa nimechanjwa, maana wafanyakazi wote wa kituo tunachanjwa. Wao hawakuwa wamechanjwa. Chanjo za watu zilishaondolewa kwenye zahanati za Ugogo yote, kwa sababu kichaa cha mbwa kilikuwa kimeisha, na waliokimaliza ni sisi.

Jua lilipopoa Mjomba alimrudisha porini, akarejea amekunja uso. Gamba moja la mkia lilikuwa limenyofolewa, na damu mbichi. Hapo ndipo nilipomwona mzee yule akiwaka. Alisema aliyefanya hivyo ametuaibisha sote mbele ya mababu waliomtuma yule mnyama, kwamba akijulikana hataketi na wenzake msibani wala arusini, na akafoka mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyejitokeza. Mimi niliona ni jambo dogo. Alfajiri nikamuaga mama, nikapanda gari, nikarudi kazini nikiwa bado na alama ya maji yale kwenye paji la uso, nimeiacha makusudi ili wenzangu waniulize.

2

Fundi wetu wa maabara anaitwa Kihwele, Mhehe, mtani wangu. Kila asubuhi yeye huniuliza leo Mgogo amekuja kuomba nini, nami humuuliza kama kati ya mbwa waliokufa tulioletewa kuna aliyebaki au ameshawapika. Wiki chache baada ya siku ile niliingia maabara, akaniamkia vizuri, akanivutia kiti. Nikajua kuna jambo.

Ilikuwa imeokotwa maiti ya kakakuona karibu na kilambio chetu kimoja. Vilambio ni nguzo za chumvi tulizosimika porini kote: mnyama akilamba, nguzo inasoma mate yake na kututumia habari. Huyu alikuwa amelamba, akalamba tena, kisha akaanguka pale pale. Mkiani alipungua gamba moja.

Ili ueleweke ubaya wa jambo hili, lazima niseme tulifanya nini. Tulichukua kirusi cha kichaa chenyewe, tukakifungia njia za kwenda ubongoni kwa makufuli matatu, tukakiachia njia moja tu, mate. Tukakiita Mwenge, kwa sababu kilikuwa cha kupokezana. Bweha mmoja akipewa, anawalamba watoto wake, watoto wanalambana, dume linalamba jike, na kila aliyelambwa anapata kinga bila kuugua. Kichaa cha zamani kilihitaji kung'ata. Sisi tulisema kung'ata kwa nini, bweha hulambana kutwa nzima. Wazo la kulamba lilikuwa langu. Nilipewa tuzo kwa wazo hilo, na mama akaitundika picha ya tuzo ukutani juu ya kitanda chake.

Tuliuachia kwenye mapango machache ya bweha, na kila mwaka rangi ya buluu ikazidi kutambaa kwenye ramani: Ugogo yote, ukavuka kwenda Unyamwezi, ukashuka Usangu. Kila ulipofika, kichaa kilikoma. Watoto walikuwa wakifa kwa kuogopa maji, wamefungwa kamba vitandani, na wakaacha kufa. Hilo nalo ni kweli, na sitaki mtu alisahau.

Sasa, kirusi hiki kikijinakili hukosea, na hakina wa kukisahihisha. Makosa yanarithiwa. Ukiyapanga vizuri unaupata ukoo mzima, nani kamzaa nani, tawi lipi lilivuka mto, tawi lipi liliwaacha mbwa wa mjini likahamia kwa bweha, lipi likatoka kwa bweha likaingia kwa nguchiro na kwa tandala. Kihwele alikuwa amepanga makosa ya kirusi kilichokutwa kwenye ubongo wa kakakuona. Nilikuwa nimeshaandaa maelezo kichwani: ni kichaa cha zamani, kimeingia kutoka nje ya mipaka, tuongeze mapango ya kuachia Mwenge. Akaniwashia kioo. Tawi halikutoka nje. Lilitoka katikati ya buluu yetu, likapita kwa bweha, likapita kwa nguchiro anayechimba kwenye vichuguu kakakuona anakopata mchwa, likaishia pale. Makufuli mawili yalikuwa yamefunguka. La tatu lilikuwa limelegea. Kilichobaki kizima, hakijaguswa hata kidogo, ni kile kilichonipa tuzo: kupita kwenye mate bila jino.

"Huyu si ndiye aliyekuja kwenu?" Kihwele akauliza.

Nikasema ndiye. Akauliza kama watu walimshika.

"Walimshika kwa sababu niliwaambia wamshike."

Kihwele alizima kioo, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Mimi uso ulinishuka nikashindwa hata kumtazama mtani wangu. Mtu mwingine yeyote Tanzania nzima angeweza kusema hana meno na akasamehewa. Mimi nilijua kuliko wote kwamba jino halikuwa na kazi tena, kwa sababu nililitoa kazini mwenyewe. Na bado mbele ya watu nilisema lile nililojifunza shule ya msingi, kwa kuwa lilichekesha.

Mkuu wetu, Dkt. Ngatunga, tuliongea naye kwenye kioo cha ukutani. Si mtu mbaya. Kaka yake alikufa kwa kichaa akiwa mdogo, na ndiyo sababu aliingia kwenye kazi hii. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akatoa mpango. Walioguswa watibiwe wote, haraka, dawa zipo kwenye ghala la kituo. Ila tuwaambie ni chanjo ya homa ya bonde la ufa, ambayo wafugaji wanaijua na hawaiogopi.

"Wakijua, hawatamwacha bweha hata mmoja," akasema. "Na bweha wakiisha, kinga imeisha. Kichaa cha zamani kipo ng'ambo ya mto kinasubiri nafasi. Uniambie, Seche, watakufa watoto wa nani?"

Nikakubali. Nilikubali haraka mno. Sababu zake zilikuwa nzuri, na zilinifaa kuifunika yangu, ambayo haikuwa nzuri hata kidogo: sikutaka mama ajue.

3

Tulikwenda mimi na Kihwele. Watu wakajipanga chini ya paa la ghala la kijiji, wananisalimia kwa furaha, wananiita daktari, na mimi nawachoma sindano kwa jina la uongo. Kina mama waliniletea watoto walewale waliopakwa machoni. Kila mmoja alinishukuru.

Kulikuwa na tatizo ambalo uongo wetu haukuweza kulitatua. Kwa mtu aliyepakwa usoni, sindano za mkononi zinatosha zikiwahi. Lakini kama mate yaliingia kwenye jeraha, hazitoshi. Huyo lazima achomwe dawa nyingine, kinga iliyo tayari, palepale kwenye jeraha, kabla kirusi hakijapanda mishipa kwenda juu. Kikishafika ubongoni basi, hakuna dawa, ni kumfunga kamba na kusubiri. Na gamba la kakakuona halinyofoki kama punje ya hindi. Lina makali. Aliyelinyofoa lazima alikatika, na mnyama alikuwa anatoa mate.

Sikuweza kuuliza nani alinyofoa gamba, maana homa ya bonde la ufa inahusiana nini na gamba? Nikazungukazunguka. Nikasema dawa hii haipatani na vidonda, kila mwenye kidonda mkononi aniambie. Wakanionyesha viganja vyao vyote, vya jembe na vya mchi, wakicheka. Hakuna. Kihwele aliniangalia tu, akainamia sanduku lake.

Mtu mmoja hakuja kwenye foleni. Mama alituma salamu kwamba mgongo unamsumbua.

Nilimkuta jikoni anasonga ugali wa uwele. Alinikaribisha kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameuficha ndani ya kanga. Alinitengea mlenda, akauliza kuhusu safari, akauliza kuhusu Kihwele kama ameshaoa. Joto lilikuwa kali, nikavua koti, pengine kwa mara ya kwanza mbele yake, nikaliweka magotini. Kitu kigumu kikanichoma pajani kupitia pindo la chini. Nikalipapasa. Nikafumua uzi kwa kucha, na gamba likadondoka sakafuni kati yetu.

Mama aliacha mwiko kwenye sufuria. Hakujaribu kukana. Alisema alinishonea usiku ule nimelala, kabla sijaondoka, kwa kuwa nalala maporini na wanyama, mume sina, na gamba lile linamkinga mtu, hata bibi alikuwa nalo.

"Mama, hukuogopa?"

"Ningeogopa nini?" akasema. "Si ulisema hana meno?"

Hakuwa ananisuta. Angekuwa ananisuta ningevumilia. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo waliloafikiana. Akautoa mkono kwenye kanga. Katikati ya kiganja palikuwa na mstari mweusi uliofunga vibaya. Alisema mnyama alipokatwa gamba aligeuza kichwa akamlamba palepale, na yeye akaona amesamehewa.

Nikamwambia. Nilianza na kakakuona nikaishia kwenye tuzo iliyotundikwa juu ya kitanda chake, sikubakiza kitu. Mama alisikiliza huku akiukoroga ugali usiungue. Aliniuliza maswali mawili tu: kama ile iliyokuwa ghalani ni chanjo ya homa ya bonde la ufa, nikasema siyo, na kama wale waliojipanga wanajua, nikasema hawajui. Nikafungua mkoba, nikatoa kichupa, nikamwomba mkono.

Akaurudisha ndani ya kanga.

"Sikuwa peke yangu," akasema. "Kuna aliyenishikia mkia, naye alikatika."

Nikamuuliza ni nani. Akasema hawezi kumtaja, mtu huyo ana jina kijijini, kumtaja ni kumvua nguo. Nikamwambia atakufa. Akasema basi mwambie kwamba atakufa. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, yeye na wote waliokushukuru leo, atajitokeza mwenyewe. Na sindano yake, akasema, ataichomwa siku hiyo, mbele ya watu, siyo jikoni kwa kujificha.

Hapo nikapandwa na hasira, na nitasema nilichosema. Nilimwambia kwamba ushamba wake wa magamba ndio uliotufikisha hapa. Nilimwambia hivyo mama yangu, nikiwa nimeshika kichupa cha dawa ya ugonjwa nilioutengeneza mwenyewe. Mama aliepua sufuria, akanipakulia, akanawa mkono mmoja, akakaa upande wa pili wa kinu akitazama nje. Nilikaa pale mpaka mlenda ukapoa, kisha nikaenda kumwambia Kihwele agonge rimu ya gari inayotumika kuita mkutano.

Kihwele akauliza kama Dkt. Ngatunga ameruhusu. Nikasema hajui. Akafikiri kidogo, akachukua chuma, akaenda kugonga.

4

Walikuja wote, kwa sababu walidhani kuna dawa zaidi. Koti sikulivaa. Nilisimama na gauni langu lenye jasho, na Mjomba Chilewa amekaa mbele kabisa kwenye kigoda chake, fimbo katikati ya miguu, kofia kichwani, anatabasamu kwa kuwa ni mpwa wake anayetaka kuzungumza.

Nilijaribu kuanza na habari za makufuli. Nikaona najificha. Nikaanza upya.

"Siku ile niliwaambia kakakuona hana meno. Ni kweli hana. Lakini ugonjwa aliokuwa nao hauhitaji jino, na mimi nilijua, kwa sababu ni mimi niliyeutengeneza usihitaji jino. Tuliupeleka kwa bweha ukiwa dawa. Umegeuka. Yale maji mliyopakwa yalikuwa nao. Na sindano za leo ni za kichaa, siyo za homa. Nimewadanganya mara mbili."

Nilitegemea kelele. Nilizitamani, kwa kweli, maana mtu akikutukana unapata pa kusimama. Hawakupiga kelele. Mwanamke mmoja wa mbele alichukua ncha ya kanga akaanza kumfuta mtoto wake usoni. Maji yale yalishakauka wiki kadhaa zilizopita, na yeye akafuta, akageuza kanga upande mkavu, akafuta tena. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikaendelea kwa sababu ilibidi. Nikaeleza kwamba aliyepakwa tu na akachomwa leo, akimaliza sindano zake atapona, naapa kwa hilo kama kiapo changu bado kinafaa kitu. Ila mwenye jeraha lililoguswa na yule mnyama, sindano ya leo haimtoshi. Nikasema kuna mtu hapa mwenye jeraha la namna hiyo, ana siku chache, na sijui ni nani.

Hakuna aliyesogea. Wanaume waliangalia miguu yao.

Mama akainuka. Alikuwa amekaa pembeni kwa wanawake, na alipokuwa anapita katikati yao walimpisha wakidhani anakuja kunichukua, kunitoa pale, kama mama yeyote angefanya. Alifika mbele, akafungua kanga, akanyoosha kiganja mpaka kila mtu akakiona.

"Gamba nilinyofoa mimi," akasema. "Nimchomwe mbele yenu, halafu mtanifanya mnavyotaka."

Alichanganya maneno kwa woga na hakuna aliyecheka. Nikamkalisha kwenye jiwe. Dawa ile inachomwa ndani ya jeraha lenyewe, kidogo kidogo kulizunguka, na inauma vibaya. Mama hakulia. Alinitazama kwa muda wote, na mimi nilitazama sindano, kwa kuwa macho yake sikuyaweza. Watu walisubiri. Nilipomaliza niliinua kichwa na kumwona kila mtu anamtazama Mjomba Chilewa, si kwa sababu walijua lolote, ila walisubiri atoe hukumu. Alikuwa ameapa kwamba mwenye kosa hataketi na wenzake msibani wala arusini.

Mjomba alivua kofia. Aliiweka gotini, akaigeuza, akaigeuza tena. Kisha akapandisha mkono wa kushoto wa shati lake la mikono mirefu, ambalo sasa nikakumbuka alikuwa analivaa hata kwenye joto hili, na juu kidogo ya kifundo cha mkono palikuwa na mkato mrefu wenye maganda.

"Mkia niliushika mimi," akasema. "Ni mtoto wa dada yangu. Nilitaka naye awe na kinga." Akawageukia wengine. "Nilifoka vile siku ile ili mtu asiniangalie mikono."

Yule mzee alikuwa amenipangia foleni nzima ya watu asubuhi, amesimamia kila mmoja achomwe, na ilipofika zamu yake alininyooshea mkono wa kulia, mzima, akicheka. Angekufa akinionyesha kiganja kizuri. Niliuchukua ule wa kushoto. Kihwele akaushikilia, nami nikachoma kulizunguka jeraha.

Baadaye, watu walipoanza kuondoka bila kuniaga, Mjomba alibaki. Alisema vijana wanauliza habari za bweha, na wengine wameshaanza kutafuta sumu. Awaambie nini? Nikamwambia kwamba bweha wengi bado wamebeba Mwenge mzima, usiogeuka, na wakiuawa ovyo nafasi yao itachukuliwa na kichaa cha zamani, kwa hiyo wawaache mpaka tujue ni pango lipi limeharibika. Nikaongeza kwamba najua sina haki ya kuaminiwa.

"Hilo la mwisho ni kweli," akasema. Akavaa kofia yake, akaondoka kwenda kuongea nao.

5

Dkt. Ngatunga alinipigia asubuhi iliyofuata. Hakupaza sauti. Alisema nimevunja kazi ya watu wengi kwa sababu moyo wangu ulikuwa unaniuma, na kwamba maumivu yangu si dawa ya mtu yeyote. Sikumbishia. Akaniondoa kazini kuanzia saa ile, ila dawa zilizokuwa kwenye gari akaziacha zibaki, na Kihwele akaachwa naye. Hakueleza kwa nini. Nafikiri alimkumbuka kaka yake.

Kihwele naye alikuwa na habari zake. Vilambio viwili upande wa magharibi vilikuwa vimesoma tawi lilelile, kimoja kwa nguchiro, kimoja kwa kakakuona mwingine. Karibu na hicho cha pili kulikuwa na kijiji, na kijijini huko walikuwa wametuma picha za ngoma. Nikazitazama picha. Bakuli, ungo, mkuki, watoto wenye nyuso zinazong'aa kwa maji. Neno langu la hana meno lilikuwa limefika huko kabla yangu. Mtu alikuwa ameliandika chini ya picha, na jina langu.

Nilikunja koti nikampa Mjomba awarudishie watu wa kituo watakapokuja kuchukua vitu vyao. Gamba mama alishampa, akalifukie anakojua yeye. Sindano zilizobaki za watu wa Nghambala tukaziacha zahanati, nikamwambia Kihwele twende. Tulipofika kwenye gari, mama alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, na kibegi chake, na chupa ya chai, mkono umefungwa kitambaa cheupe.

Nikamwambia apumzike, ana sindano nyingine zinazomsubiri. Akajibu kwamba sindano zimo humuhumu garini. Nikamwambia huko hawamjui. Akasema ndiyo vizuri, akamuuliza Kihwele kama Wahehe wanakunywa chai au mpaka iwe na nyama ya mbwa, na Kihwele akacheka kwa mara ya kwanza tangu tulipotoka mjini.

Nje kidogo ya Nghambala tulimkuta bweha amelala kando ya barabara, kichwa kimepondwa kwa rungu. Maneno ya Mjomba yalikuwa yamewafikia wengine na hayakuwafikia wengine. Kihwele alipunguza mwendo akanitazama. Sikuwa na haki ya kukasirika, nikamwambia aendelee.

Kijiji cha magharibi walitupokea kwa shangwe. Walikuwa wamesikia mtaalamu wa kakakuona anakuja. Walitandika mkeka, wakaita watu, wakaleta mpaka bakuli lenyewe nilione, na ghafla mkutano mzima ulikuwa umekaa unanitazama kwa tabasamu lilelile la Nghambala siku ya kwanza. Nilifungua mdomo. Maneno niliyoyapanga njia nzima yakapotea yote.

Mama akanipita. Alisimama mbele ya watu asiowajua, akafungua kitambaa taratibu, akainua kiganja chenye kovu na alama za sindano.

"Mbukwenyi," akawasalimu. "Huyu ni mwanangu. Ana jambo la kuwaambia, na ni la aibu, yake na yangu. Msimkatize."

Akarudi nyuma hatua moja, akasimama ubavuni kwangu. Nami nikavuta pumzi, nikaanza kwa kuwaambia kwamba ni kweli, kakakuona hana meno.